TAHARIRI: Bango la Mchango wa Figo Tunalisambaza, Mjadala Tunaukimbia



Hilo bango mnalijua. Picha ya mtu amelala hospitali, au picha yake ya zamani akiwa na afya zake, kanzu nyeupe ya Idd. Chini yake namba ya paybill, tarehe ya harambee, na maneno kwamba ndugu yetu anahitaji kupandikizwa figo. Linaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la wenzetu wa madrasa, la familia. Tunaandika "Allah amponye", tunatuma mia mbili, tunalipeleka kundi jingine. Wiki mbili baadaye linakuja bango jingine, mtu mwingine, maneno yale yale.

Hatusemi msitume. Tumeni, na Allah awalipe. Ukurasa huu wenyewe husambaza mabango hayo. Lakini ukiiuliza familia ni nini kilichoziua figo za mtu wao, mara nyingi utaambiwa moja kati ya mawili: presha au sukari. Mara nyingine vyote viwili. Leo tuzungumzie sukari, na tuzungumzie matibabu ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuyasikia, yaani kupandikizwa figo na kongosho kwa pamoja. Hapa Kenya hayafanyiki. Na sababu ya kutofanyika haiko serikalini peke yake. Nusu yake iko kwetu, misikitini na majumbani, kwenye swali ambalo tumekuwa tukilikimbia.

Tuanze na mwili. Kila figo ina vichujio vidogo vidogo karibu milioni moja. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka nenda miaka rudi, vile vimishipa vya ndani ya vichujio vinaharibika. Protini inayoitwa albumini, ambayo ilifaa ibaki kwenye damu, inaanza kuvuja kwenye mkojo. Hapo mtu hasikii kitu. Anakwenda kazini, anacheza mpira jioni, anakula biriani ya harusi. Kuvimba miguu, kichefuchefu, kuchoka ovyo, kukosa pumzi, hayo huja mwisho, wakati figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Ndo maana wengi wetu hugundua figo zimeharibika siku ile ile wanayoambiwa waingie kwenye mashine.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Hebu irudie hiyo namba kichwani, halafu wahesabu watu wa nyumbani kwenu.

Na sukari si moja. Kuna aina ya kwanza, ambayo huwashika zaidi watoto na vijana: kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zinakwisha. Huyu bila sindano haishi. Aina ya pili ndo ya wengi. Insulini ipo lakini mwili hauiitikii vizuri, na kongosho linafanya kazi ya ziada mpaka linachoka. Kongosho lenyewe, kwa asiyelijua, ni kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, kina kazi mbili: kutoa maji ya kusagia chakula na kutoa insulini. Mgonjwa wa sukari, ile kazi ya kwanza kwa kawaida bado anayo. Ya pili ndo imekufa au inakufa.

Figo zikishakufa, maisha yanageuka ratiba ya mashine. Bima ya SHA hulipa shilingi 10,650 kwa kila kikao cha kusafishwa damu, vikao viwili kwa wiki. Nchi nyingi zenye uwezo humsafisha mgonjwa mara tatu kwa wiki, kikao cha kama masaa manne. Kwa hivyo hata pale SHA inapolipa kama ilivyoahidi, mgonjwa wetu anapata pungufu. Na mara ngapi tumesikia vituo vikilalamika kwamba serikali haijalipa, wagonjwa wakaambiwa walete pesa mkononi? Weka na nauli. Mtu anayeishi mbali na mji anafunga safari mara mbili kila wiki, anarudi usiku amechoka kama nguo iliyokamuliwa, na kesho yake anatakiwa afungue duka. Kazi inakwenda. Ndoa nyingine zinakwenda pia, tusidanganyane.

Kuna kitu kingine ambacho sisi kama watetezi wa haki hatuwezi kukipita. Usajili wa SHA kwa mtu mzima huanza na kitambulisho. Kijana wa Kiislamu aliyezungushwa miaka mitatu akitafuta ID, akiulizwa cheti cha babu yake, huyo figo zikifa anaanza safari ya matibabu akiwa nje ya mlango. Mapema mwaka 2025 Rais alitangaza kwamba ule msasa maalumu wa watu wa kaskazini mashariki umeondolewa. Tunaushukuru uamuzi huo, na tutaendelea kuangalia kinachotendeka kwenye ofisi za chini.

Sasa kupandikizwa. Figo ya kwanza iliyofanikiwa ilipandikizwa Boston, Marekani, Disemba 1954, kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake. Leo ni matibabu ya kawaida duniani, na hapa kwetu yanafanyika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Hospitali ya Moi kule Eldoret na katika hospitali kadhaa za kibinafsi. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, zile za zamani zikabaki mahali pake. Ikishika, mtu anaachana na mashine.

Lakini mgonjwa wa sukari ana tatizo la ziada. Umempa figo mpya, sukari yake bado iko pale pale. Ile ile iliyoziua figo za kwanza sasa inaanza kuishughulikia hii. Juu ya hapo, baadhi ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo huipandisha sukari. Kwa hiyo familia imeuza shamba, ndugu ametoa figo yake, na adui bado amekaa ndani ya nyumba.

Ndipo madaktari wakawaza: kwa nini tusilete na kongosho jipya? Tarehe 17 Disemba 1966, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, William Kelly na Richard Lillehei walimpandikiza mwanamke wa miaka 28 figo na kongosho kwa wakati mmoja. Kwa muda mfupi aliweza kukaa bila insulini, kisha akafariki baada ya miezi michache. Miaka mingi ya mwanzo matokeo yalikuwa mabaya. Dawa za kinga zilipoboreka, kuanzia miaka ya 1980, mambo yakabadilika. Leo katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya kongosho 8 kati ya 10 zilizopandikizwa pamoja na figo huwa bado zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja. Mtu aliyejidunga sindano tangu utotoni anaamka hajidungi. Anakula, na kongosho lenyewe linapima na kutoa insulini kama la mtu yeyote. Na ile figo mpya inalindwa.

Tusije tukauza ndoto lakini. Upasuaji huu ni mkubwa, masaa mengi mezani, na kongosho ni kiungo chenye makeke kuliko figo. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa yake siku za mwanzo, linaweza kuvuja, na wagonjwa wengine hurudishwa chumba cha upasuaji. Dawa za kushusha kinga ni za maisha yote, hukosi hata siku moja, na zinamfungulia mtu mlango wa maambukizi na baadhi ya saratani. Moyo uwe na nguvu za kuhimili. Kwa hivyo anayefaa zaidi ni mtu mwenye sukari ya aina ya kwanza, bado ana umri, figo zimekufa au zinakaribia kufa. Wachache wenye aina ya pili nao hukubaliwa. Mzee wa miaka 70 mwenye moyo dhaifu hatapewa, na ni haki asipewe, manake utamuua mezani. Kuna njia nyepesi zaidi, kuchukua zile seli za insulini peke yake na kuziingiza kwenye ini, ambayo ilipata sifa kutoka Edmonton, Canada, mwaka 2000. Hiyo nayo inahitaji kongosho la mtu aliyefariki.

Na hapo ndo tumefika kwenye fundo lenyewe.

Figo ziko mbili. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa moja akaishi. Kongosho liko moja. Yamewahi kufanywa majaribio ya kukata kipande cha kongosho la mtu aliye hai, lakini hatari kwa mtoaji ni kubwa, na karibu kongosho zote zinazopandikizwa duniani hutoka kwa watu waliofariki. Kenya haina mpango unaofanya kazi wa kuchukua figo wala kongosho kutoka kwa waliofariki. Kila figo inayopandikizwa hapa hutoka kwa mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa damu. Hakuna wa kumtoa huyo kijana kwenye sindano, hata akiwa na milioni kumi mkononi, mpaka apande ndege.

Halafu angalia ilivyo kwa familia zetu. Sukari ya aina ya pili hukimbia kwenye ukoo. Kaka anajitolea figo kwa moyo safi, anapelekwa vipimo, anakutwa na yeye sukari yake imeanza kupanda. Anakataliwa. Dada anapimwa, presha. Anakataliwa. Mama ana umri. Ukoo mzima umekaa kwenye benchi la hospitali na hakuna hata mmoja anayefaa, si kwa kukosa mapenzi bali kwa sababu ugonjwa ni wa wote. Familia hizo ndizo zinazohitaji zaidi figo ya mtu wa nje aliyefariki, na ndizo ambazo mfumo wetu hauna chochote cha kuzipa.

Wala msidhani sheria ndo inazuia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye akili timamu kusema, kwa wasia, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, kwamba viungo vyake vitumike akifa. Asiposema kitu, jamaa wa karibu wanaweza kuamua. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza kiungo. Miaka imepita. Kilichokosekana ni bajeti, maabara za kulinganisha damu na tishu, timu za kuzunguka usiku na mchana, orodha moja ya taifa ya wanaosubiri. Kongosho halikai nje ya mwili. Madaktari hutaka liwe limeshaunganishwa ndani ya kama masaa 12. Nchi ambayo ambulensi inachukua nusu siku kutoka kijijini hadi hospitali ya kaunti ina kazi ya kufanya kabla ya hapo.

Hiyo ni nusu ya serikali. Sasa nusu yetu.

Ukiuliza kijiweni, "Inafaa Muislamu kutoa figo baada ya kufa?", utapata majibu matano kwa dakika moja, na aliyejibu kwa sauti kubwa zaidi hajasoma chochote. "Mwili ni amana." "Maiti hachokozwi." "Utafufuliwa huna figo." Hebu tuangalie wanazuoni wamesema nini, manake hili si jambo jipya kwao. Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia liliruhusu kutoa na kupandikiza viungo, kutoka kwa walio hai na waliofariki, mwaka 1982. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita kule Makka ilitoa uamuzi wa kuruhusu mwaka 1985. Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi iliyo chini ya OIC ilikutana Jeddah Februari 1988 ikaruhusu kiungo cha maiti kwenda kwa aliye hai ambaye uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake inakitegemea, kwa sharti kwamba marehemu mwenyewe alikubali kabla ya kufa au warithi wake wamekubali baada yake. Na Majmaa hiyo ya OIC ikasema bila kutafuna maneno: kiungo hakiuzwi. Mwezi wa Mei 2021 Mfalme Salman na mwanawe Mohammed bin Salman walijiandikisha kuwa watoaji viungo. Huko kwa Haramain hawaoni aibu kulizungumza. Sisi Kisauni na Eastleigh ndo tunaona aibu.

Hata hivyo hatutawadanganya kwamba maulamaa wote wako upande mmoja. Wapo wakubwa, hasa wa Bara Hindi, waliokataa, na hoja zao ni nzito: mwanadamu haumiliki mwili wake, na ile hadithi inayofananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja mfupa wa aliye hai. Wanaoruhusu wanajibu kwamba hadithi hiyo inakataza kumdhalilisha maiti, na kuokoa roho si udhalilishaji. Wanairudia aya ya 32 ya Suratul Maida, ambayo sote tumeihifadhi. Ukimfuata shekhe anayekataa kwa elimu, tunakuheshimu. Tunachokipinga ni kukataa kwa mazoea.

Swali gumu zaidi ni la ubongo. Kongosho na figo hufaa zaidi zikichukuliwa kwa mtu ambaye ubongo umekufa kabisa lakini mashine ya ICU inaendelea kumpulizia hewa na moyo unapiga. Je, huyo amekufa kisheria ya dini? Majmaa ya OIC, kikao cha Amman mwaka 1986, ilisema ndiyo, ubongo wote ukikoma kazi moja kwa moja na madaktari wataalamu wakathibitisha kwamba hakuna kurudi. Majmaa ya Makka mwaka 1987 ilikuwa na tahadhari zaidi: mashine inaweza kuondolewa, lakini hukumu ya kifo hailetwi mpaka moyo na pumzi visimame. Tofauti hiyo ipo mpaka leo. Lakini hata kwa anayeshika kauli ya Makka, mlango haujafungwa. Uingereza, kwa mfano, huchukua viungo, kongosho likiwemo, kwa watu ambao moyo umesimama kabisa. Madaktari hukaa dakika kadhaa wakihakikisha umesimama, ndipo wanapoanza. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwenye wasia wake: mimi natoa, kwa sharti la moyo. Maimamu wetu wangetusaidia sana kama khutba moja kwa mwaka ingeeleza haya kwa utulivu.

Tukishamaliza fiqhi, bado kuna kitu ambacho hakuna fatwa inayokitibu. Imani. Tusijifanye hatukijui.

Sisi ni jamii ambayo vijana wake walichukuliwa usiku na watu waliovaa kiraia, wengine wakapatikana wamekufa, wengine hawajaonekana mpaka leo. Mama zetu wamezunguka mochari wakifungua mafriji. Tumeona maiti ikizuiliwa hospitali kwa sababu ya bili, ingawa mahakama zetu zimeshasema kwamba maiti si dhamana ya deni. Tumegombana na maafisa kuhusu upasuaji wa uchunguzi wakati sisi tunataka kuzika kabla ya Laasiri. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "saini hapa, mwanao akifa tuchukue viungo", anasikia kitu kingine kabisa. Na hana kosa.

Kisha Aprili 2025 wanahabari wa Deutsche Welle, Der Spiegel na ZDF wa Ujerumani wakatoa uchunguzi wao: vijana maskini wa magharibi mwa nchi yetu wanauza figo, na wagonjwa wenye pesa kutoka ng'ambo wanaletwa kupandikizwa hapa hapa. Wizara ya Afya ikasimamisha huduma katika hospitali iliyotajwa na kuunda kamati. Wale vijana walikuwa wa umri wenu. Waliahidiwa pesa, wengine wakalipwa pungufu, na sasa wanaishi na kovu ubavuni na figo moja. Ukikutana na dalali anayekupigia hesabu ya pikipiki mpya kwa figo moja, jua kwamba sheria ya nchi inakataza, dini inakataza, na siku figo yako iliyobaki ikisumbua yeye hatashika simu.

Wapo watakaosema: mnaona? Ndo maana tusianzishe mambo ya maiti, watatuua watuuze. Sisi tunaona kinyume chake. Biashara ya figo hustawi pale ambapo wagonjwa ni wengi na njia halali hakuna. Pale ambapo figo inaweza kupatikana tu kwa mtu aliye hai, maskini aliye hai ndiye anayegeuzwa duka. Mpango wa waliofariki ukiwa wazi na unalindwa, dalali anakosa wateja wengi. Lakini neno ni hilo: unalindwa. Kwa hivyo kabla ya yeyote kutuletea fomu msikitini, tunataka yafuatayo yaandikwe kwenye kanuni, si kwenye hotuba. Madaktari wanaothibitisha kifo wasiwe wale wale wanaopandikiza. Orodha ya wanaosubiri iwe moja kwa nchi nzima, ikaguliwe na watu wa nje, na mtoto wa waziri apange foleni na mtoto wa mbeba mizigo wa Kongowea. Familia isiulizwe habari ya viungo kabla haijaelezwa wazi kwamba mtu wao amefariki. Wakikataa, wasidaiwe sababu. Maiti ya mtu aliyetoa irudishwe kwa jamaa siku ile ile inapowezekana, na isizuiliwe kwa bili hata ya shilingi moja. Upasuaji wenyewe ni wa masaa, mwili unashonwa vizuri. Unaoshwa, unakafiniwa, unaswaliwa na kuzikwa kama kawaida. Na anayefia mikononi mwa polisi au katika mazingira ya kutatanisha asiguswe kabisa mpaka haki yake imejulikana.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tunapowaona waheshimiwa wakipanda ndege kwenda kutibiwa nje kwa kodi zetu, tunajua kiwango kinafikiwa, ila si na kila mtu. Serikali itaje mwaka ambao mpango huu utaanza na fungu lake la bajeti. Ile fedha ya SHA ya kupandikiza figo ifuatwe na fedha ya dawa za kinga baada ya upasuaji, manake figo iliyopandikizwa bila dawa inakataliwa na mwili, na hapo harambee yote imekwenda na maji.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, pengine una miaka 22 na unajiona mzima. Kama nyumbani kuna mwenye sukari, nenda kapimwe. Kama wewe mwenyewe ndiye unayo, kila mwaka dai vipimo viwili kwa majina: albumini ya mkojo, na kreatinini ya damu. Muuguzi akikwambia sukari imetulia inatosha, mwambie kwa adabu unataka na ya figo. Ikigunduliwa mapema, kushusha presha na sukari, pamoja na dawa kama enalapril, losartan au dapagliflozin, daktari akiona zinakufaa, kunaweza kuchelewesha mashine kwa miaka mingi, na wengine hawaifikii kabisa. Dawa za maumivu kama diclofenac na brufen, zile tunazomeza kama peremende baada ya mpira, ni adui wa figo iliyokwisha kudhoofika. Habasoda ni sunna na hatuigusi. Lakini itumie ukiwa umepimwa, na usiiache insulini kwa sababu yake. Aina ya kwanza akiacha insulini anakufa kwa siku chache tu, na tumeshazika vijana kwa ushauri wa namna hiyo.

Ijumaa hii baada ya swala, mfuateni imamu wenu watu watatu au wanne, kwa heshima, mumuulize kauli yake kuhusu kutoa kiungo baada ya kifo na kuhusu kifo cha ubongo. Akisema hajalichunguza, mwombeni alichunguze. Usiku, mezani, muulize mama na baba: nikifa ghafla, mngekubali? Na nyinyi mngetaka nini? Swali lina uzito, wengine watasema unajitabiria. Waambie ni kwa sababu ya lile bango.

Majibu mtakayopewa tuandikieni hapa chini. Wanaokataa pia waandike, tena kwa hoja zao zote. Tutazikusanya tuzipeleke kwa maulamaa na kwa kamati ya afya ya bunge kwa pamoja. Matusi tutayafuta.